Kuoga na Viatu

…na asije mtu kuniambia sivyo, kwa sababu mimi nilikuwepo, niliona yote kwa macho yangu haya mawili, kuanzia mtoto alipoteleza kwenye ngazi ya bwawa mpaka alipotolewa akikohoa maji, sikusimuliwa na mtu, mimi Mutuku wa hapa DeSoto, baba yake mzazi, nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka pale, labda sita, kwa hivyo kama kuna mtu katika kanisa hili mwenye haki ya kushika maiki na kueleza jinsi Ndinda alivyotoka majini, ni mimi, na ndiyo maana mke wangu Kanana ameliandika jina langu kwenye karatasi ya shuhuda, nambari mbili, chini ya Mama Josiane, ambaye sasa hivi amesimama safu ya mbele, maiki ameikumbatia kama mtoto mchanga, anasema Yesu asifiwe, tena asifiwe, bandugu na badada, leo nimekuja kushukuru juu ya permis yangu ya kuendesha gari, mara ya kwanza nilianguka… na watu wanacheka, na Parfait shemasi amesimama nyuma yake, mkono tayari, akimaliza tu aichukue maiki ailete kwangu, hatua ngapi kutoka pale mpaka hapa, kumi na tano, ishirini, Parfait ana miguu mirefu… Kanana ananisogelea, Ndinda amelala mapajani mwake, shanga za nywele zimemwagika juu ya gauni, ananinong'oneza, Baba Mwende, usisahau ile ya simu, nami natikisa kichwa polepole kama mtu anayeomba, nitaisahau vipi simu, simu ndiyo ushahidi, iliingia majini nami ikafa, na tuliposhuka meli ya matembezi Galveston tukarudi Houston kuchukua gari tulilokuwa tumeliacha Alief, kwa Wacuka, aliyesoma uuguzi na Kanana, Wacuka mwenyewe akaizika ndani ya sufuria ya mchele mbichi, akaita majirani, njooni muone mwanamume aliyeruka majini na simu mfukoni, wengine wangetoa kwanza simu, na saa, na miwani, huyu hakutoa kitu, nami nikasimama katikati ya sebule yake nikasema, mama, mtoto akizama unakumbuka simu? na wote wakasema eee, na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya kwamba haikuwa tamu, hata huo mchele ulipikwa jioni yake na mimi nikapakuliwa wa kwanza.

Kusimulia ni kipaji, shule niliiachia darasa la nane kule Kitui lakini mdomo wangu una digrii, wakati wa kwenda, hapo hapo Alief, niliwaeleza kina Wacuka meli ilivyo ndani kabla sijaiona hata kwa nje, nikataja lifti za kioo, nikataja ngazi zenye taa kwenye kila kidato, na tulipopanda nikazikuta kweli, Kanana akanitazama, mimi nikatembea mbele kama mtu aliyezijenga… lakini Kanana huwa haniamini, hilo lijulikane, miaka kumi na moja ya ndoa, wenzake hospitalini kule Plano wakimuuliza, bwana yako anasema aliwahi kumfukuza chui kwa kandambili, ni kweli? anawajibu, huyo mgawanye kwa kumi, kikibaki kitu, hicho ndicho, na wanacheka, na mimi hucheka nao, miaka kumi na moja nagawanywa kwa kumi na mke wangu mwenyewe, halafu ikaja hii, hii moja, hakuigawanya, aliimeza nzima, na tangu siku ile akipita nyuma ya kiti changu ananigusa bega, hivi, kwa vidole viwili tu, kama anayehakikisha nipo, na asubuhi akitoka zamu, kabla ya kuvua viatu, anakuja kunitazama nikiwa nimelala, najua kwa sababu huwa sijalala… mara ya pili nilianguka tena, anasema Mama Josiane, ule monsieur wa kunipima aliniambia, mama, umepanda trottoir, pale batu banapita na miguu, na mimi nikamujibu, monsieur, si mimi nimepanda, ni yenyewe ilikuja… kanisa linacheka, Mchungaji Kiplagat anajipangusa macho na leso, mimi pia nacheka, mdomo unacheka, na hapa kulia kwangu Mwende, kifungua mimba wangu, miaka saba, hacheki, ameinama juu ya bahasha ya sadaka na penseli anachora, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, anachora meli, sawa, meli ina madirisha mengi, sawa, chora mwanangu, chora… anachora bwawa, ndani ya bwawa kichwa kidogo chenye vidoti, hizo ni shanga, na mtu mwenye kofia anayeruka, kofia ile ya wafanyakazi, na huko pembeni anachora bomba, na chini ya bomba mistari, mistari, maji hayo, na chini ya maji mtu mnene, ananigusa kiwiko, Daddy, anasema, do I put your shoes?

Nyamaza mama, namwambia, tuko kanisani, niweke viatu au nisiweke, mtoto anauliza kitu kidogo hivyo, hana ubaya, hajawahi kumwambia mama yake neno, mimi ndiye niliyemwambia, tukiwa kwenye ile lifti ya kioo tunashuka, maji yananitiririka, tusimwambie Mama mengi, atashtuka, anaumwa, na yeye akasema okay, okay tu, akatazama viatu vyangu… hebu niende polepole, maana niliona yote, siku ya pili baharini, Kanana yuko chini chumbani, bahari imempindua tumbo, kichwa kwenye ndoo, ameniambia, Baba Mwende, wawili hao usiwape mgongo, nami nikasema, mimi? na tukapanda juu, jua, muziki, watoto wa watu majini kama samaki, na nilikuwa na rafiki, mzee mmoja wa Lubbock, mwekundu usoni, tulijuana siku ya kwanza kwenye foleni ya chakula, nikamwambia nina malori kumi na mawili, mimi ninayeendesha foklifti ghalani, ni malori ya nani, sijui, yalitoka mdomoni yamepangwa tayari, na wajukuu zake walikuwa wanaogelea bila maboya ya mikono, Ndinda wangu alikuwa nayo, ya njano, na yule mzee akasema, hakusema vibaya, akasema tu, wako bado anavaa hayo? basi nikayatoa, nikayavuta mkononi mwa mtoto moja, la pili, nikasema mtoto wa Mutuku haogopi maji, yeye akanitazama, miaka minne, akayatazama maboya nilivyoyaweka chini ya kiti, akaenda kukaa kwenye ngazi ya bwawa, ngazi ya kwanza tu, mtoto mwenye akili kuliko baba yake.

Nami nikaanza kusimulia, ee, nilimsimulia mzee wa Lubbock nilivyovuka mto uliofurika nikiwa kijana, ndama shingoni, maji hadi kidevuni, mamba wawili, mimi, ambaye mito ya kwetu ni mchanga, maji tunayachimba kwa vibuyu, mimi ambaye sijui kuogelea hata kwenye karai, na nilikuwa nimefika katikati ya mto, pazuri kabisa, ndama analia, nikaona Ndinda anashuka ngazi ya pili, nikaona mguu unateleza, nikaona maji yanafunga juu ya kichwa bila kelele yoyote, zile shanga zikafunguka ndani ya maji kama maua, nyekundu na nyeupe, niliona, ndiyo nasema niliona yote, kama ningekuwa nimetazama kwingine ningekuwa na la kusema, watu wote hutazama kwingine, mimi sikutazama kwingine, nilimtazama, na nikamalizia sentensi, nilisema, and the calf, sir, the calf was still alive, hayo ndiyo maneno, kwa mkato wake na nukta yake, halafu ndipo nikasimama, na miguu ikakataa, ilifika ukingoni ikakataa, mimi juu na mwanangu chini, kati yetu maji ambayo yangenifika kifuani, kifuani tu, nilikuja kuona baadaye watu wamesimama pale wanaongea… na akapita kitu cheupe pembeni mwangu, shati jeupe, kofia, viatu, beji, kila kitu, akaingia.

Yasinta, beji ilisema Yasinta, na chini yake Tanzania, msichana wa meza ya taulo… sasa hapa ndipo natamani Mama Josiane aongee mpaka saa kumi, aongee mpaka wenye kanisa waje kulifunga, mara ya tatu niligonga kile kikopo cha rangi ya machungwa banaweka ku barabara, anasema, kikopo kikaenda kulala kwa gari ya polisi… kwa sababu Yasinta nilikuwa namjua, siku ya kwanza kabisa nilipita kwenye meza yake na mzee wa Lubbock, nikamwambia Mwende shika mtoto mkono, hivyo tu, kwa Kiswahili, nilijisahau, na yule msichana akainua uso kutoka kwenye taulo, uso mzima ukawaka, akasema, shikamoo baba, jamani, nyumbani wapi? na mimi, mtu mzima, miaka arobaini na minane, naenda kanisa la Kiswahili kila Jumapili saa nane, nikamtazama nikasema, excuse me? nikasema hivyo kwa sababu ya malori kumi na mawili, mwenye malori kumi na mawili hawezi kuwa wa kabila moja na wa taulo, ndivyo nilivyofikiri, haraka, kwa sekunde moja, na nikaona uso wake unakunjwa vizuri, mara mbili, kama taulo, unawekwa kando, akasema, sorry, sir, would you like one or two… nikasema tatu, na sisi wakenya hatuna sana mambo ya shikamoo, ningeweza kujitetea hivyo, lakini kila mtu anajua jibu ni marahaba, hata mtoto wa chekechea anajua, neno moja, halikatwi kodi.

Na ni yeye akamtoa, akampindua kwenye mkono wake, akampiga mgongoni, moja, mbili, maji yakatoka, halafu kilio, hicho kilio nakisikia hata sasa hivi Ndinda akiwa amelala, akanipa mtoto, maji yanamchuruzika kofiani, akasahau Kiingereza chake cha kazi, akasema, mshike mwanao baba, mlaze ubavu, na mimi mikononi nimepewa mwanangu mzima, mzito, wa moto, nikamwambia aliyenipa, thank you, ma'am… thank you ma'am, kwa pua, mbele ya mzee wa Lubbock, hata wakati ule, hata pale, mdomo ulichagua malori, na Mwende alikuwa amesimama pale akanitazama mimi, akamtazama yule dada, akanitazama tena, na nesi wa meli akaja akasikiliza kifua cha mtoto, akasema yuko sawa, na msimamizi akamchukua Yasinta kwenda kubadilisha nguo, alitembea viatu vikilia chwa, chwa, chwa, na mimi nikabaki mkavu, mkavu kama gunzi, na chumbani kuna mama mtu ataniuliza, mtoto ameloa, wewe mbona umekauka? basi ile shawa iko pale ukingoni, ya watu kusuuza chumvi, nikamwambia Mwende mshike mdogo wako kidogo, nikaingia chini yake na shati, na suruali, na viatu, nikafungulia, hata simu sikuitoa, na nilijua iko mfukoni, hilo ndilo… niliiacha makusudi, ilikuwa inanipigia paja, nikasema hii itasaidia, na Mwende akasema, Daddy, you have your shoes on, nikasema najua.

Lakini asubuhi ya mwisho nilirekebisha, hilo lazima lihesabiwe, meli imerudi Galveston, watu wanakokota masanduku, nilimwacha Kanana kwenye foleni nikapanda juu, nikamkuta anakunja taulo, za rangi ya machungwa, nikasimama mbele yake nikavua kofia nikasema, marahaba, dada, nimechelewa lakini marahaba, na akacheka, jino moja limepanda jingine mbele, akasema, hamna neno baba, mtoto ni wa wote, na nikashuka mwepesi, na kila ikinijia hii habari usiku ama nikiwa kwenye foklifti huwa nashika hapo, mtoto ni wa wote, hamna neno baba, nalala… Kanana ananigusa bega, vidole viwili, anasema, karibu wewe, nyoosha kola, na mkono wake uko kwenye shingo yangu unanyoosha kola, mikono inayoshika wagonjwa, haina haraka, na nikisimama pale na kusema ilivyokuwa, mkono huu utaenda wapi, nitarudi kugawanywa kwa kumi, hapana, kwa kumi ni ya mtu wa chui na kandambili, hii haigawanyiki kwa kumi, hii ukiigawanya hakibaki kitu, anabaki mwanamume aliyeona mtoto wake anazama akamalizia sentensi, yule Kanana atamwachia watoto tena lini, atafanya vipi zamu ya usiku kule Plano akijua nani yuko nyumbani nao… na nisiposema, kuna huyu wa penseli, hajaweka viatu bado, anangoja, ameacha nafasi nyeupe pale chini ya miguu yangu… batoto baliniuliza, anasema Mama Josiane, maman, uliipata? na mimi nikabaambia, bureau ya permis ilifungwa, mara ine nilianguka, mara ine bureau ilifungwa, mpaka ule mudogo akasema, maman, ile bureau inafunguka siku gani? na kanisa limeanguka, mzee mmoja nyuma anapiga kiti, Kanana anacheka mpaka Ndinda anatikisika mapajani, Josiane mwenyewe anacheka na maiki inacheka, mwanamke mzima amesimama mbele ya watu mia anasema niliwadanganya watoto wangu, na paa halijashuka, halafu anatulia, anasema, njo siku moja nikakaa chini nikabaambia kweli, bureau haikufungwa, ni mie nilianguka, na munajua balifanya nini? kesho yake balienda ku parking na bikopo bya jikoni, bakabipanga, bakasema, maman, pita hapa katikati, tunakuangalia…

Amina, wanasema watu, amina, nami nimesema amina, nimeisikia sauti yangu, haikuwa ya kusimulia… vikombe vya jikoni kwenye maegesho, sijui kwa nini hicho ndicho kimening'ang'ania, vile vya plastiki, naviona, na watoto wamesimama pembeni wanamwangalia mama yao asiyejua kuendesha, wanamwona hajui, na bado wanamwangalia… Mwende ananitazama, penseli juu, namwambia kwa sikio, weka, mama, weka viatu, vyote viwili, na kamba zake, anasema okay, anainama, anachora taratibu kwa sababu kamba ni ngumu kuchora, na mama yake anachungulia juu ya kichwa cha Ndinda, anauliza, huyo ni nani anaoga na viatu? bado anatabasamu, kicheko cha Josiane bado kiko usoni mwake, na mimi sijajibu, ninalo jibu lakini liko kwenye foleni nyuma ya jina moja ambalo lazima litoke kwanza, kabla ya Bwana asifiwe, kabla ya jina langu, Yasinta, kulikuwa na dada anaitwa Yasinta, nitaanza hapo na mto na ndama watajijua… Mama Josiane bado hajaachia maiki, anashukuru sasa, anashukuru mchungaji, anashukuru kwaya, mkono wa Parfait uko pale pale hewani, kola yangu imenyooka, na nilisema niliona yote na niliyaona, yote ni kweli, maboya, sentensi, shawa, simu, ila moja, ile asubuhi ya mwisho, taulo za machungwa, jino lililopanda jingine, marahaba, hamna neno baba, hiyo niliitunga mimi, nimeitunga nikaipiga pasi mpaka naiota, lakini sikupanda juu, nilishuka kwa mlango wa upande wa pili, kofia machoni, Ndinda nimembeba mbele ya kifua, haraka, asije mtu akanisalimia.